Mgeni Aliyekunywa Usingizi

"Mugeni njoo, mwenyeji augue."

Adelaïde alisimama palepale, mguu mmoja njiani na mwingine ndani ya shamba la maharage. Methali hiyo aliijua tangu hajang'oa jino la kwanza, kama kila mtu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa sauti ya mwanamume nyuma ya nyumba ya mbao ilikuwa imeigeuza miguu juu kichwa chini, na wala haikuwa inatania.

Alikuwa amekuja Kingi kwa kazi nyingine kabisa. Redio ndogo ya Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako alitangaza kipindi cha alasiri, ilitaka sauti za akina mama wakieleza jinsi mvua ilivyoozesha maharage. Alikwisha kuwarekodi, lakini simu ilikuwa bado mkononi. Aliibonyeza tena, akaingia uani polepole kama mtu anayemnyemelea ndege.

*Mugeni njoo, mwenyeji augue.*
*Nilikupa kiti, ukaikala mu kichwa.*
*Nilikupa maji, ukakunywa usingizi yangu.*
*Siku ya tatu nikakupa jembe,*
*ukalima ndani yangu.*

Chini ya maneno lilitembea likembe, kile kisanduku cha mbao chenye meno ya chuma yanayopigwa kwa vidole gumba. Jino moja halikulingana na mengine. Wimbo ulipolifikia ulijikwaa, ukasita, kisha ukaendelea, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni, akageuka, asimwone aliyemwita. Adelaïde aliisogeza simu karibu zaidi. Alikuwa na diploma yake, alikuwa amesoma mashairi, na aliamini kwamba hakuna neno la Kiswahili lililobaki la kumshtua. Kumbe kiti. Kumbe maji. Kumbe jembe.

"Dada, usimusikilize," alisema mama mwenye nyumba, Mama Jeannette, akitoka na ungo wake. "Ni kaka yangu, Magloire. Kichwa yake iko mugonjwa. Alitoka hivyo kule Walikale, ku mugodi ya Bisie, wakati walikuwa bado wanachimba na mikono. Hasumbue muntu. Anaimba tu."

"Nani alimufundisha huu wimbo, mama?"

"Nani anaweza kufundisha muntu kitu kama hiyo?"

Magloire aliinua macho. Alikuwa mrefu, magoti yakimfikia kidevuni kwenye kigoda alichokalia. Aliitazama simu.

"Unanikamata?"

"Nakamata sauti tu, kaka."

"Basi kamata na ya huyu." Aligusa lile jino la chuma, likatoa mlio wake wa nyuki aliyefungiwa chupani.

"Hiyo chuma haiko sawa," alisema Adelaïde. "Ukiivuta kidogo itaingia mu sauti."

"Hiyo siigusake. Iko yake."

"Ya nani?"

Magloire alimwangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mtoto aliyeuliza moshi unakwenda wapi. "Ya mugeni. Kila muntu anaitaji kiti mu nyumba. Ukimunyima ya kwake, anakamata ya kwako."

Adelaïde aliuliza kama angeweza kuupeleka wimbo redioni. Magloire alicheka kwa mara ya kwanza.

"Peleka. Pengine atapenda kule, abaki."

*

Nyumbani kwa akina Adelaïde walisema mama yake, Mama Rosalie, ana tansio, yaani presha. Hilo ni neno la adabu. Damu ya mtu ikipanda, majirani huleta ndizi na pole. Kichwa chake kikiugua, huleta wachungaji na kamba. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa imekubaliana, bila kikao: tansio. Mama alikaa chumba cha nyuma akizungumza na ukuta kwa sauti ya chini, na mgeni akibisha hodi mtu aliongeza sauti ya redio.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya kilima, Adelaïde alikaa uani akichambua maharage na kuusikiliza tena wimbo simuni, akitafuta mahali pa kukata kelele za kuku. Aliurudisha mara kadhaa. Hakusikia mlango. Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yake, miguu imenyooshwa, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama mtu anayekwenda misa.

"Huyo muntu," alisema Mama Rosalie, "ananijulia wapi?"

Adelaïde alisimamisha wimbo. "Hakujui, mama. Iko muntu wa Kingi."

"Ananijua." Mama alichukua maharage kiganjani akaanza kuyachambua, mabovu huku, mazima kule, kazi ambayo vidole vyake vilikuwa vimeiacha miaka mingi. "Mugeni wa kwake iko mumoja. Wangu iko wawili. Mumoja iko mubaya. Mwingine anajua kuimba, lakini anaimbaka wakati nataka kulala. Rudisha."

Adelaïde aliurudisha. Walichambua mpaka ungo ukaisha, na mama hakurudi ndani mpaka chakula kilipoiva. Alikula pamoja nao. Déo, kaka yake Adelaïde, alisahau mkono wake ndani ya sahani ya bugali, akimtazama mama yao kana kwamba amerudi kutoka safarini.

*

Wimbo ulipigwa redioni kesho yake alasiri. Na hapo Adelaïde alifanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingeweza kulifanya.

Kwingine mgeni ni mtu aliyekuja na mfuko wake, umkaribishe au usimkaribishe. Masisi neno hilo ni jiwe lenye mikono mingi ya kulirusha. Vilima vimegombana na vilima juu ya nani alikuja lini, nani alimkuta nani. Ndiyo maana Papa Hubert, mkurugenzi wa redio, alikuwa ameandika kwa kalamu nene kwenye ukuta wa studio maneno mawili yasiyotamkwa hewani: WAGENI, WENYEJI. Adelaïde alipita chini ya maneno hayo kila siku. Na wimbo wake ulianza na yote mawili katika mstari mmoja. Hakuwa ameona. Alikuwa amesikia ugonjwa, ukajaa masikio yake, siasa ikakosa mahali pa kuingilia.

Simu ya kwanza ilitoka Bihambwe.

"Ninaitwa Védaste. Dada Adelaïde, leo sisi njo tumekuwa magonjwa? Sisi njo wageni tunagonjwesha wenyeji? Baba ya baba yangu alizikwa hapa. Mukuje mumufukue basi, mumuulize alitoka wapi."

Kabla hajajibu, ikaingia nyingine, ya mtu aliyekataa kutaja jina.

"Hiyo wimbo iko muzuri sana. Rudisheni tena, dada. Hao wageni wasikie."

Hii ya pili ilimuumiza kuliko ya kwanza. Wa kwanza alikuwa amekasirika. Wa pili alikuwa amefurahi.

Papa Hubert aliingia, akazima wimbo, akaweka kwaya.

"Wewe njo unatufundishaka Swahili kila siku," alisema. "Ukuta hukuusoma?"

"Papa, si wimbo ya kabila. Iko ya ugonjwa ya kichwa."

"Najua. Masikio ninayo. Sasa pita mulango kwa mulango uwaeleze." Aliketi, akajipangusa uso. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyeona nyumba zikiungua kwa sababu ya neno dogo kuliko hilo. "Wakubwa wa serikali wamenipigia. Siku ya posho, Jumamosi, utaomba musamaha ku redio. Nitakuandikia mimi mwenyewe. Ukikataa, wimbo na weye mutatoka na mulango moja."

"Na Magloire?"

"Nani?"

"Mwenye wimbo."

"A, huyo. Utasema ni mwenda-wazimu, hajui anachosema. Wantu watamuhurumia, mambo itaisha."

Adelaïde alitoka bila kuaga. Angeweza kubeba lawama yake. Neno lilikuwa pale ukutani, hakulisoma. Lakini karatasi ya Papa Hubert ingemwita Magloire mtu asiyejua asemalo, yeye aliyesema kweli kuliko wote. Na nani angemwambia Mama Rosalie kwamba mtu pekee aliyemjua alikuwa anapayuka tu?

*

Siku ya soko alipanda na kikapu kununua chumvi. Karibu na kibanda cha kuchaji simu alikuta watu wameinama, vichwa vimegusana kama wanaotazama kitu kilichoanguka kisimani. Alisogea. Kutoka katikati yao ulitoka ule mlio wa nyuki chupani.

Redio ilikuwa imezima wimbo, lakini simu hazikuzima. Ulikuwa umepita kutoka simu hadi simu, ukashuka bonde na kupanda bonde, pamoja na kuku wa Mama Jeannette waliowika katikati, maana Adelaïde hakuwahi kuwakata. Na watu wale walikuwa wa vilima vyote. Aliwatambua kwa vitambaa, kwa matamshi, kwa jinsi walivyofunga mizigo. Walikuwa watu ambao wakipishana njiani huangalia ng'ambo.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyesimama wima.

"Wangu anakuyaka asubui," alisema mama mmoja muuza mihogo, taratibu, kana kwamba anataja bei. "Nikiwasha moto. Ananiambia nizime, nyumba itaungua. Nazima. Nawasha. Nazima."

"Njo maana bugali yako inachelewaka, Mama Astrid?" kijana mmoja alimtania.

"Inachelewa juu ya mugeni: anaonjaka mbele yenu," alijibu, na kicheko kikapita, naye akacheka pamoja nao, akafuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Wangu anaongea na sauti ya mudogo wangu," alisema mzee mwenye kofia ya sufu. "Ile alikufa mu vita. Anasema: sogea, nimepata baridi. Nasogea mu kitanda. Muke yangu anauliza, unasogelea nani?"

Mwanamume mmoja mnene alivuta pumzi. Adelaïde aliijua sauti yake kabla hajamaliza sentensi.

"Mimi nilipiga simu ku redio, nikatukana," alisema Védaste wa Bihambwe. "Kisha muke yangu akaniuliza: Papa Evode, mugeni gani ya politike anakunywaka usingizi ya muntu? Mimi mwenyewe silalake tangu tulikimbia. Nafanya kama niko nachunga nyumba. Siko nachunga kitu." Alimgeukia mwenye simu. "Rudisha, kaka."

Adelaïde alisimama na kikapu chake, chumvi imesahaulika. Hakuthubutu kujitambulisha. Alijua kanisa likijaa, alijua uwanja wa mpira ukilipuka, lakini hakuwahi kuona kimya kama kile, kimya ambacho watu wenyewe walikishikilia, kila mmoja pembe yake, kama wanaobeba machela mlimani. Jino lile la chuma lilipolia, mama wa mihogo alitikisa kichwa: ndiyo, huyo. Mzee wa kofia naye: ndiyo, huyo. Mtu mmoja nyuma ya nyumba huko Kingi alikuwa amemwachia mgeni wake kiti ndani ya wimbo, na sasa Masisi nzima ilikuwa inakuja kuketi.

*

Jumamosi asubuhi Papa Hubert alimtumia karatasi. Mama Rosalie alikuwa uani akipepeta.

"Somea mimi," alisema.

Adelaïde alisoma. Yalikuwa maneno yaliyopangwa vizuri, ya mtu aliyesoma kwa mapadre. Alipofika "mwimbaji ni mwenda-wazimu asiyejua asemalo", mama aliweka ungo chini.

"Anajua."

"Najua kama anajua, mama. Lakini watanifukuza."

"Watakufukuza." Mama alikubali kama anavyokubali mvua. Kisha akauliza, "Wantu wakikuulizaka mama yako iko na nini, unasemaka nini?"

"Tansio."

"Tansio." Mama Rosalie alilionja neno hilo, akalitema pembeni kama ganda. "Miaka yote niko mu ile chumba, mimi na hao wawili na tansio. Tulikuwa tunabanana. Leo sema jina yake, mutoto wangu. Sema na yangu."

Studio ilinukia rangi na kahawa. Nyuma ya kioo Papa Hubert alikuwa amekaa na mjumbe wa wakubwa, mtu wa suti aliyeweka simu yake mezani kama bastola. Taa nyekundu ikawaka. Adelaïde aliilaza karatasi mbele yake, akaifunika kwa kiganja.

"Wasikilizaji, siku ile tulipiga wimbo wa Magloire, muntu wa Kingi aliyetoka Walikale na ugonjwa. Wengi walisikia neno mugeni wakafikiri anamusema jirani. Hamusemi jirani. Anasema ugonjwa wa kichwa chake, na anajua anachosema. Anajua kuliko mimi na diploma yangu. Mama yangu anaitwa Rosalie. Hana tansio. Ni mugonjwa wa kichwa, na juzijuzi alisikia wimbo huo akatoka mu chumba, akakula na sisi."

Mjumbe alisimama. Papa Hubert alikuwa na mkono juu ya kitufe cha kuzima matangazo. Adelaïde aliuona kupitia kioo, umebaki hapo, haushuki.

"Papa Hubert aliniandikia maneno ya kuomba musamaha. Aliandika vizuri, na ninamuheshimu. Wakubwa wanangoja niyasome." Aliikunja karatasi mara moja, akaiweka pembeni, akasogea karibu na kipaza sauti.

"Siyasomi. Siombi musamaha."