Adhana ya Meja Rustum

Kabati lilikuwa limekwama kwenye kona ya ngazi, na Fundi Metwalli, mpiga pasi, alikuwa chini yake akihema. Alikuwa anahama mtaa wake wa Shubra kwenda mji wa Tanta kwa binti yake. Mkwewe Shukri, kijana wa shati lisilojua kukunjamana, alikuwa amemtafutia hadi shughuli: msikiti wa mtaani kwao ulikosa mwadhini, naye akawaahidi wazee wa huko kwamba baba mkwe wake ni mtu wa kushika wakati.

Ndiyo maana Metwalli alitaka jambo moja tu siku ile: aondoke kabla mazungumzo ya rafiki zake hayajafika msimu wa nne.

Bahati mbaya, waliokuja kubeba kabati ni Zaki na Wissa, na hao wakikutana hawana habari nyingine ila "Meja Rustum", tamthilia ya mapigano iliyokuwa ikirushwa kila Ramadhani.

"Msimu wa tatu ndio wenyewe," Metwalli aliharakisha kusema. "Pale aliporuka juu ya treni!"

"Tuondolee msimu wa tatu," alisema Zaki. "Utamu uko kwenye uozo. Wa tano je? Meja kanenepa hata mlango wa gari haumpitishi, lakini akiruka paa anakuwa mwembamba, na wigi kichwani!"

"Na wa sita," Wissa akadakia, "jambazi aliyezikwa karudi, eti ni pacha wake! Na kila Meja akichomoa bastola, linaingia tangazo la samli."

Shukri alicheka. Metwalli akasukuma kabati kwa bega. "Twendeni, jamani, jua linatuchwea."

"Jua!" Zaki aliliachia kabati. "Wewe ndiye wa kutupa habari za jua? Shukri mwanangu, hujahadithiwa msimu wa nne?"

"Zaki, nakuomba."

"Marudio ya alasiri. Meja kajificha mnarani, majambazi wako chini, mara adhana ya Magharibi inapigwa. Ndani ya tamthilia, mwanangu! Fundi hapa kaweka televisheni mlangoni, sauti yote. Akatoka na sinia la tende: 'Kuleni, Waislamu, wakati umeingia!' Mtaa mzima ukala. Jua liko pale juu, linatutazama."

"Mimi Mkristo," alisema Wissa, "mkate wangu nilikuwa nimeuficha tangu asubuhi kwa heshima yao. Nikaona wanatafuna, nami nikautoa. Nikasema, hawa leo wamebadili dini?"

"Mtaa mzima tulilipa siku ile baada ya Idi," Zaki alimalizia.

"Na wewe ulishameza tende tatu sijafunga mdomo," Metwalli alimjibu.

Shukri hakucheka tena. "Mzee, ni kweli?"

Metwalli angeweza kukana. Aliweka kabati chini, akajifuta jasho.

"Kweli. Lakini yule mwigizaji alikuwa na sauti, mwanangu. Hata wewe ungekula."

Kabati lilifika Tanta limevunjika mguu. Limetegemezwa kwa matofali mpaka leo. Msikiti ulimchukua mwalimu mstaafu, anayechelewa kila siku, na hakuna anayelalamika. Metwalli anapiga pasi barazani kwa binti yake, na wateja wanamwita Meja, maana Shukri mwenyewe ndiye aliyewahadithia. Zaki alifariki mwaka uliofuata. Wissa yuko Shubra, anaangalia marudio peke yake, na msimu wa nne ukifika anazima.