Kopo la Pilipili la Tafida

Tafida alikuwa akimkatia nyati wake wa maziwa majani kando ya mfereji, katika kijiji kimoja cha Qena, kusini mwa Misri, Zenhumu alipoukanyaga mpaka wa shamba. Ndiye aliyempiga risasi Bashandi, mume wa Tafida, akajitwalia nusu ya shamba. Kesi ikafa kwa kukosa shahidi. Bashandi hakuwekewa matanga. Huko aliyeuawa haliliwi mpaka damu yake ilipwe.

Hammamu, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshaleta bunduki.

"Shemeji, sema neno moja tu. Mimi nitapiga."

"Nao wakupige wewe. Kisha nimlilie nani kwanza?"

Tafida akaenda mjini kununua kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza. Hammamu alicheka mpaka akapaliwa. "Unakwenda kumkaanga?"

Sasa Zenhumu alimshika mkono wenye mundu. "Bibi mjane, hiyo nusu iliyobaki ya nini kwako? Niachie."

Tafida akampulizia machoni. "Mlilie Bashandi," akamwambia, akaendelea kukata majani.

Zenhumu akalia, wala hakukoma. Kufikia Ijumaa machozi yake yalikuwa yakitiririka hadi mferejini. Daktari wa macho alimtia dawa, nayo ikatoka na machozi. Kisha sauti ikaja: akaanza kuomboleza kama wafanyavyo wanawake wa huko, kwa mbwembwe zote. "Ewe Bashandi, nguzo ya nyumba, umetuachia nani!" Mkewe akamhamishia kitanda kwenye zizi la mbuzi, magodoro yasioze.

Basi marehemu alikuwa amepata wa kumlilia. Tafida akaazima mabenchi, akapika kahawa ya matanga isiyo na sukari, na kijiji kikaja kutoa pole. Hammamu alipokea mikono mlangoni huku akinung'unika kuwa huu ni ujanja ujanja tu. Kahawa alikunywa.

Wazee wakaketi kuamua. Wazee hao nao!

"Bunduki tungeielewa," alisema Haji Abulfadli, mkubwa wao. "Kuuana ni ugomvi wa wanaume. Lakini kumliza mwanamume hadharani? Hiyo ni aibu."

Wakaamua Tafida apeleke kondoo kwa Zenhumu kuomba radhi. Ile nusu ya shamba ibaki kwa Zenhumu, maana mtu anayemwagilia ardhi kwa machozi yake mwenyewe hawezi kunyang'anywa.

Tafida akampeleka kondoo, tena aliyenona. Zenhumu akamwangukia miguuni.

"Dada yangu, nisamehe. Nilale japo usiku mmoja."

"Wazee wamesema kondoo," alijibu Tafida. "Msamaha hawakuutaja."

Mwaka ule miwa ya nusu iliyoporwa ilirefuka kuliko yote kijijini, na Zenhumu akaivuna na kuiuza. Haki ya Tafida ikaliwa mchana kweupe, na hakuna aliyeuliza. Kila alfajiri sauti huanza zizini, "Ewe Bashandi!", na Tafida huamka akafungua dirisha amsikie vizuri.