Ngazi Zisizokuwepo Mji wa Wezi

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na ndiyo maana kila mtu alimwita Mita, hata mkewe alipokuwa na hasira naye. Kazi yake ilikuwa kuingia nyua za watu, kufunua kifuniko cha chuma, kupiga goti, kufuta vumbi kwenye kioo na kuandika tarakimu. Mbwa walimzoea. Wenye nyumba walimwachia geti wazi na kuendelea na shughuli zao. Kisha asubuhi moja, akiwa amepiga goti vilevile, alijaribu kuinuka akashindwa, na mkono wa kushoto ukawa kama umebandikwa tu.

Kiharusi hakikumwua. Ulimi ulimrudia baada ya miezi miwili, mguu ukafuata kwa shingo upande, lakini mkono uligoma. Dada wa mazoezi, aliyefika nyumbani kila Jumanne kumnyoosha viungo, alimpa mpira wa kuminya. Mita aliuminya siku tatu. Ya nne mpira ulikutwa chini ya kabati.

"Mpeni kitu atakachokipenda," dada wa mazoezi alimwambia mkewe. "Vidole havichagui vinaminya nini."

Binti yao, aliyekuwa fundi wa kukata lenzi kwenye duka la miwani, ndiye aliyeleta gemu. Mashine ilikuwa yake ya zamani, tangu yuko chuo, na gemu lenyewe liliitwa Mji wa Wezi. Mchezaji anakuwa jambazi aliyetoka jela jana: anaiba magari, anavamia maduka, anakimbizana na polisi, na mji mzima uko wazi mbele yake, aende anakotaka.

"Mtu hajawahi kurudi nyumbani hata na kalamu ya ofisi," mama alilalamika, "leo mwanangu unamfundisha ujambazi?"

Hofu yake ilikuwa ya bure. Mita hakuiba hata baiskeli. Kidole gumba cha kushoto, juu ya padi ya kuchezea, ndicho kilichomwongoza jambazi, na Mita alimtembeza kwa miguu, mtaa baada ya mtaa. Taa ikiwa nyekundu, alisimama. Aliingia uani, akazunguka nyumba, akatoka, akahamia nyumba ya pili. Watu wa kwenye gemu hawakumjali, walikuwa wakipita huku wakizungumza na simu. Baada ya miezi minane aliujua mji ule kama alivyoujua mji wake, na mkono ulikuwa umeanza kushika kikombe bila kumwaga.

Ndipo binti akaja na furaha yake. Amenunua mashine mpya, na ndani yake Mji wa Wezi, sehemu ya pili. Akaichukua ile ya zamani akaondoka nayo.

"Ni mji uleule, Baba, ila miaka ishirini imepita. Na picha zake sasa, utadhani unachungulia dirishani!"

Picha kweli zilikuwa safi. Mita aliona mpaka matone ya mvua yakiteleza kwenye kioo cha gari. Lakini alipopinda kushoto penye kituo cha mafuta, akitarajia kutokea kwenye daraja, alijikuta uso kwa uso na ukuta. Akarudi nyuma, akapinda tena. Ukuta. Soko la matunda lilikuwa limegeuka ghorofa la kuegeshea magari. Akaingia uani kwa mtu, kama kawaida yake, na mwanamke aliyekuwa akianika nguo akapiga ukelele. Dakika haikupita, polisi wakamzunguka.

"Naangalia tu, jamani," Mita aliiambia televisheni.

Siku hiyo alikamatwa mara nne.

Mara ya nne aliweka padi mezani akaangalia vidole vyake. Daktari alikuwa amewaonya kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja kimyakimya, bila maumivu, kikabeba kipande cha kumbukumbu na kwenda zake. Mita alijua kuwa waliolitengeneza gemu wamebadilisha mji. Hilo binti alishalisema. Asilolijua ni yapi waliyoyabadilisha wao, na yapi yaliyohama kichwani mwake mwenyewe. Daraja lilikuwepo kweli? Au alilitunga? Angemwuliza nani?

Akaanza kuandika. Alitumia mgongo wa fomu za zamani za kazini, kwa mwandiko mdogo: *Daraja la chuma, halipo. Soko, halipo. Kinyozi mwenye kioo kilichopasuka, hayupo.* Karatasi alizificha chini ya mto wa kochi. Mkewe alizikuta siku ya kufagia, akasoma mistari mitatu. Alimpigia binti simu akiwa amesimama bafuni ili asisikike.

"Baba yako anaandika vitu visivyokuwepo," alinong'ona. "Ameviorodhesha."

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, binti alifika na ile mashine ya zamani kwapani. Nyuma yake alikuja jirani, amekumbatia televisheni yake, akaitua, akaaga. Binti alizipanga televisheni mbili bega kwa bega, waya zikaenea sebule nzima. Gemu la kwanza akampa baba yake, la pili akalishika yeye.

"Haya, Baba, soma. Moja moja."

"Daraja la chuma."

Mita akamtembeza jambazi wake hadi kituo cha mafuta, akapinda kushoto, na daraja lile pale. Alitoa pumzi ndefu. Kwenye televisheni ya pili, ukuta.

"Wamelibomoa," binti alisema. "Kuna gazeti ndani ya gemu linaeleza. Hukuliona?"

"Mimi niokote magazeti ya watu?"

Waliendelea hivyo. Soko, lilikuwepo. Kinyozi, alikuwepo, na kioo chake kimepasuka. Mama aliyekuwa akikunja nguo kwenye kiti cha pembeni alizidi kusogea, akaishia nyuma ya kochi, kidevu juu ya bega la mumewe. Kila Mita alipopatia, alimgonga mgongoni. Mambo kumi na matatu yalikuwa sawa. Likabaki la kumi na nne.

"Ngazi za mawe nyuma ya kiwanda cha chupa," Mita alisoma. "Vidato thelathini na moja. Juu kuna mlango wa bluu."

Akaenda nyuma ya kiwanda cha chupa, kwenye gemu la kwanza. Kulikuwa na uzio na matairi yaliyotupwa. Akazunguka. Uzio. Akazunguka tena, taratibu.

"Zilikuwa hapa."

"Baba," binti alisema kwa upole, "hapo hapajawahi kuwa na ngazi. Gemu hili nimelicheza miaka."

"Nimezipanda mimi! Kidato cha tisa kimemeguka."

Kwenye televisheni zote mbili majambazi walisimama, wamelegeza mikono, wakisubiri.

"Thelathini na moja?" mama aliuliza polepole. "Na juu kuna bomba linavuja?"

"Eeh! Umeziona?"

"Hizo si za gemu, baba watoto. Ni kule tulikopanga chumba tulipooana."

Jumanne walimweleza dada wa mazoezi. Aliwasikiliza huku akimkunja Mita kiwiko. Alisema huenda ni ugonjwa, huenda ni kichwa tu na mambo yake, na kwa vyovyote daktari ampime. Wakaenda. Picha ya ubongo haikuonyesha kidonda kipya. "Basi ni nini?" Mita aliuliza. Daktari aliinua mabega na kusema ubongo una mengi.

Jibu hilo halikumtosha mama. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, aliita teksi, akamketisha mumewe nyuma, wakaenda kuzitazama ngazi zenyewe.

Zilikuwepo. Nyembamba, za mawe, zimebanwa katikati ya nyumba mbili. Mita alishika ukuta kwa mkono wa kushoto akapanda akihesabu, mkewe nyuma yake akihesabu pia.

"Ishirini na tisa," Mita alisema juu, akihema.

"Thelathini," mkewe alisema.

Cha tisa kilikuwa kizima. Bomba halikuwepo. Na mlango ulikuwa wa kahawia.

Alifungua mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni, mshonaji. Walimsalimu, wakajieleza, wakaomba radhi kwa usumbufu. Mita akauliza mlango uliacha lini kuwa wa bluu.

"Bluu?" Mshonaji aliutazama mlango wake. "Labda nimewasikia vibaya. Nimezaliwa humu, mzee wangu. Ni kahawia tangu nina akili."

"Ulikuwa wa kijani," mama alisema.

Mita aligeuka. "Kijani?"

"Kijani cha majani. Niliupangusa kila Jumamosi, nitausahau?"

"Mimi ndiye niliyeupaka bluu!"

"Uliupaka lini?"

Mita alihesabu miaka kwa vidole, akaanza upya. Mshonaji, ambaye sasa naye hakuwa na uhakika, aliingia ndani akarudi na mkasi, akakwangua rangi kidogo karibu na bawaba. Wote watatu waliinama kutazama.

Chini ya kahawia kulikuwa na kijivu. Chini ya kijivu, mbao.

Mama alikaa kwenye kidato cha juu kabisa. Alikuwa amekuja kumwonyesha mumewe ukweli, na sasa hata Jumamosi zake hakujua alikuwa akipangusa nini. Kicheko kilimtoka ghafla, akakizuia kwa kiganja, kikampita vidoleni. Mita alimtazama kwa mashaka, kisha akajibana pembeni yake kwenye kile kidato.

"Na wewe?" alimwuliza.

"Na mimi. Sijui chochote."

Mshonaji aliwaletea maji ya kunywa. Waliyanywa palepale, wakamshukuru, wakashuka wameshikana mikono.

"Mlipapata?" dereva wa teksi aliuliza akiwasha gari.

"Ndiyo," Mita alisema.

"Hapana," mkewe alisema wakati uleule.

Dereva aliwatazama kwenye kioo, akangoja waelewane, na walipokosa kuelewana akatia gia.