Mtumbwi wa Mika

Mtumbwi ulifika Njombe juu ya lori la mahindi. Kristina, aliyekuja kuufuata, alipouona umelazwa nyuma ya duka, hakulia. Aliuzunguka kwanza, akaupapasa ukingo, akakuta pale alipokuwa akikalia mwanawe Mika pamekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Magamba makavu ya samaki yalikuwa bado yamegandia ndani. Wavuvi wa Manda, kando ya Ziwa Nyasa, waliukuta unaelea mtupu baada ya dhoruba. Wakamtafuta Mika ufukweni kote, wasimpate.

Kule nyumbani Makambako, mumewe Methusela alikuwa amekataa katakata. "Hapa hakuna msiba," aliwaambia watu. "Kama mwanangu amekufa, nionyesheni." Kila jioni aliagiza Mika atengewe sahani yake ya ugali, ifunikwe vizuri, iwekwe juu ya kibao karibu na mlango. Asubuhi ugali ule ukaliwa na kuku. Majirani hawakujua waingie kuhani au wapite tu na jembe begani. Kristina naye, aliyekuwa ameshikilia kilio tumboni tangu habari zifike, aliona limebaki jambo moja: kumpelekea mumewe kitu cha kuona kwa macho.

Odilo, dereva wa Landrova ya mwenye duka, alikuwa anakwenda Makambako kuchukua mafuta ya taa. Akatandika juu ya paa magunia yaliyojazwa majani, wakaupandisha mtumbwi kifudifudi, akaukaza kwa kamba za katani hadi kwenye bampa.

"Kamwene, mama!" akasalimu kwa Kibena muuza viazi mmoja. "Makambako kumepata ziwa lini? Au mnakwenda kuvua vumbi?"

Watu wakaangua kicheko. Odilo akamkata jicho. "Cheka na viazi vyako, wewe. Huu ni wa marehemu."

Kicheko kikakatika palepale. Yule mchuuzi akashika kichwa. "Nisamehe, mama. Ulimi wangu huu!"

"Hukujua, baba," alisema Kristina.

Odilo akautazama ule mti mkavu wa mtumbwi. "Jua na upepo wa njiani vitaupasua, mama. Huna cha kuufunika?"

Kristina akafungua furushi lake, akatoa shuka nyeupe ya amerikani. Aliinunua siku ile ya habari, ili amzikie mwanawe, na tangu hapo ilikuwa haijapata wa kumvika. Odilo akaitandaza juu ya mtumbwi, akachomeka ncha zake chini ya kamba.

Walipofika kwenye mashamba ya miti ya miwati, wanaume waliokuwa wakibandua magome walinyooka, wakavua kofia. Mbele kidogo, wanawake wakatua kuni zao, wakapiga magoti kando ya barabara.

"Mama, wanadhani tumebeba maiti," alisema Odilo. "Nisimame niwaambie?"

"Waache, mwanangu. Tangu afe, hawa ndio wa kwanza kumvulia kofia."

Ndipo kilio kikamtoka. Odilo akapunguza mwendo, akaendesha taratibu kama anayesindikiza jeneza.

Jua lilikuwa linashuka walipoingia uani. Methusela alisimama mbele ya nyumba, kofia kichwani. Majirani, kwa kuiona ile shuka, walikuja mbio. Odilo akafungua kamba, wanaume wakajipanga huku na huku, wakakaza mabega kama wanavyopokea jeneza. Methusela akasogea, akashika upande wa mbele.

"Haya, nyanyueni!"

Mtumbwi ukaruka juu mikononi mwao, wakapepesuka, wakagongana. Walikuwa wamejiandaa kwa uzito wa mtu.

Methusela akabaki ameushika. "Mbona mwepesi hivi?"

Wakautua, akaifunua shuka, wakaugeuza. Mkono wake ukatambaa ukingoni mpaka ukafika pale palipolainika.

"Alikuwa anakaa hapa?"

"Hapo, baba Mika," alisema Kristina.

Methusela akavua kofia.

Wakati huohuo binti yao Ema alitoka jikoni na ile sahani iliyofunikwa, kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika. Akasita kuona watu wengi.

"Ilete, Ema," alisema baba yake. Akaipokea, akaifunua, mvuke ukapanda, akampa Odilo. "Kula, mwanangu. Umetoka mbali." Kisha akamgeukia binti yake. "Usimtengee tena."

Odilo akanawa mikono, akamega. Kristina akaketi chini kando ya mtumbwi, na wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakaja kuketi naye.