Vijimwani Mtungini kwa Yuzhen

Asubuhi moja ya Juni, kijijini kwao karibu na Haiyang, pwani ya kaskazini mwa China, Qu Yuzhen alifunua mtungi wake uani achote maji ya kuoshea vitunguu, akakuta yamekuwa rangi ya chai. Akaonja. Yana chumvi. Baharini mwani wa kijani ulikuwa umetanda kama kila mwaka, mnene kiasi cha bata kutembea juu yake. Chini yake vijimwani visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula cha chaza, vilikuwa vimekosa mwanga na rutuba, vikahamia mtungini. Yuzhen akaosha vitunguu bombani.

Jioni chaza wakavifuata. Walipanda kutoka ufukweni taratibu, wamekonda, wakauzunguka mtungi. Walikuwa wa kufugwa, wake na wa jirani yake Sun Baotian pia. Baotian hakujali wanatembeaje. Alichotaka kujua ni kwa nini wanaelekea kule.

"Shemeji, wangu wamefuata nini kwako?"

"Chakula. Kwako wangekula nini, vishungi vya sigara?"

Kufika mwisho wa wiki kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba Yuzhen ni mwizi wa chaza, ila hakijajua tu anatumia dawa gani. Wachuuzi wakaacha kununua kwake.

Ndipo akaja mkwewe, mume wa binti yake, Miao Desheng, anayefanya kazi huko kusini kwenye kamba zinazooteshewa baharini mwani mweusi, ule wa kuliwa. Msimu ulikuwa umekwisha. Aligawa karatasi za mwani uliokaushwa nyumba kwa nyumba, kisha akatia mkono mtungini anawe. Maji ya rangi ya chai yakakimbilia upande wa pili. Akahamisha mkono, nayo yakahama.

Yuzhen akamuuliza alikuwa ameshika nini. Desheng akaeleza bila haya kwamba kila masika, kabla ya kurudisha kamba nchi kavu, wanakwangua mwani wa kijani uliozing'ang'ania na kuutupa majini, nao mkondo unaubeba hadi huku kaskazini.

"Tuupeleke wapi, Mama? Si umetoka humo humo?"

Baotian, akitafuna zawadi yake, alisema kijana amejieleza vizuri. Kisha akamgeukia Yuzhen.

"Lakini mtungi ni wako, Shemeji."

Tangu hapo chaza wanakula uani kwake, na Baotian anakaa kwenye kigoda kuwalinda wa kwake. Wamenenepa. Wachuuzi wananunua kwa Baotian.

Masika yaliyofuata Desheng alipiga simu: mavuno mazuri, wameshaanza kukwangua kamba. Yuzhen akaenda kununua mtungi wa pili, na njia nzima ya kurudi majirani walikuwa wakimuuliza anataka kuficha nini tena.