Watu Hamsini na Watatu wa Rozari ya Jerko

Jumapili tarehe 27 Machi mwaka 2022, kijiji cha Gornji Bok, kwenye kisiwa kimoja karibu na mji wa Split, kiliamka na upepo wa kusini kwa siku ya tatu mfululizo. Mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa juu ya bahari, kuta za nyumba zilitoka jasho, na nguo ambazo Perina alizianika Ijumaa zilikuwa bado mbichi. Upepo huo ukivuma, watu wa kisiwani hawapendi kuamua jambo lolote kubwa. Lakini ilikuwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, na siku hiyo, misa ikiisha, Ndugu wa Msalaba, chama cha waumini wa kijiji, humwuliza mbebaji wa msalaba wa mwaka huo kama meza yake ya karamu iko tayari.

Mbebaji wa mwaka huo alikuwa Jerko Vidošević, mume wa Perina, mtu wa miaka sitini na moja, mwenye mizeituni mia mbili, vyumba viwili vya wageni na goti bovu la kulia. Meza yake haikuwa tayari.

Jina lake aliliandikisha mwaka 1996. Binti yao Nevenka alizaliwa akiwa wa miezi saba, ana kilo moja na nusu, na hospitali ya Split ilimlaza siku arobaini ndani ya sanduku la kioo. Siku alipoletwa nyumbani, Jerko hakukaa hata kunywa kahawa. Alikwenda kwa mkuu wa chama, akasema ameweka nadhiri ya kubeba msalaba mtoto akipona, na mtoto amepona. Mkuu alifungua daftari, akahesabu majina, akamwambia zamu yake itafika mwaka 2022. Jerko alishukuru. Wapo ambao baba zao huwaandikisha kabla hawajabatizwa.

Mbebaji hutembea bila viatu, akipita vijiji sita, tangu Alhamisi Kuu jioni mpaka Ijumaa Kuu asubuhi, na akirudi huwalisha wote waliomsindikiza. Ijumaa Kuu nyama hailiwi. Mezani huwekwa bakalari, yule samaki mkavu wa Norwe anayelowekwa siku tatu na kupikwa na viazi, na bakalari ni samaki wa bei. Sheria ya chama ni fupi: mbebaji hulisha kwa mkono wake mwenyewe. Hakopi wala hachangiwi. Asipoweza, msalaba huenda kwa jina linalofuata.

Jerko aliweka akiba kwa miaka ishirini, kidogo kidogo, mpaka zikafika elfu thelathini na sita za sarafu ya kwao, iitwayo kuna. Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Meli za watalii hazikuja, vyumba vilikaa na harufu ya kufungwa, na maandamano ya msalaba yalitembea na watu kumi na watano tu, kila mmoja mbali na mwenzake. Wiki hiyo, akiwa hana la kufanya, Jerko aliona kwenye simu tovuti moja ambapo mtu yeyote angeweza kumkopesha mfanyabiashara mdogo wa nchi ya mbali, ambaye naye hali ilikuwa imembana. Kulikuwa na picha. Mwanamke wa Bolivia, Hilaria, amesimama mbele ya tanuri lake la mkate, anahitaji unga. Fundi cherehani wa Tajikistani aitwaye Gulnora. Fundi viatu wa Armenia aliyeshika kiatu kimoja kana kwamba anakitoa sadaka. Jerko alizitazama picha hizo kwa siku mbili. Pesa za msalaba zingelala benki miaka miwili zaidi bila kazi, na hawa walikuwa na kazi bila pesa. Aliomba, akaona moyo wake umetulia, akaanza kukopesha.

Alimpa kila mmoja dola mia. Na kwa kuwa hakujua aishie wapi, alihesabu punje ndogo za rozari yake, zile za Salamu Maria, akakuta ni hamsini na tatu. Akakopesha watu hamsini na watatu. Tangu hapo kila jioni alisali rozari akiwa na mtu kwenye kila punje. Hilaria alikuwa punje ya kwanza. Gulnora alikuwa wa nne. Sefina wa Samoa, mwenye nguruwe, alikuwa wa thelathini.

Kosa lilifuata baadaye, na halikuwa la hao watu. Wengi walilipa. Kila mmoja alipomaliza, tovuti ilimwuliza Jerko kama anataka kutoa pesa zake au kukopesha tena. Kila mara alikopesha tena, siku ileile, kwa sababu jioni angefika kwenye punje ile na kukuta haina mtu. Alijiambia kwamba wale wengine wote watakuwa wamelipa kabla ya Pasaka ya 2022. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo alipoketi kuangalia vizuri, pesa karibu zote zilikuwa nje, na wakopaji kumi na wawili walikuwa wamepewa muda zaidi kwa sababu ya ugumu wa maisha. Aliacha kukopesha. Kilichorudi mpaka siku hiyo ya Machi kingetosha mkate, viazi, na jozi ya viatu asivyotakiwa kuvaa. Mapato ya vyumba ya kiangazi kilichopita yalikuwa yamekwisha kwenye paa.

"Leo utawaambia nini?" Perina aliuliza asubuhi hiyo, akipiga pasi shati lake jeupe.

"Ukweli."

"Ukweli una mfupa mmoja na hauna nyama. Mzee Vicko atauliza bakalari iko wapi. Utampa nguruwe wa Sefina? Ijumaa Kuu?"

"Perina, usinichekeshe, nina misa."

"Mimi sicheki. Nilikwambia tangu mwaka juzi: punje ikibaki wazi, niombee mimi. Nami ni mtu. Lakini wapi! Mara fundi baiskeli wa Kambodia, mara muuza nyanya." Alimrushia shati. "Vaa. Na usiburute mguu mbele yao, watasema huyu hata kutembea hawezi."

Jerko alivaa. Alijua kwamba mwezi wa sita angepasuliwa goti, na daktari hakumwahidi kwamba baada ya hapo ataweza kutembea vijiji sita peku. Perina pia alijua. Hawakulizungumza.

Baada ya misa wanachama ishirini na watano waliingia kwenye chumba cha nyuma ya altare, ambamo mavazi meupe ya chama yalikuwa yametundikwa, yenye unyevu kama kila kitu. Padri Marin aliketi pembeni. Mkuu wa chama, Mzee Vicko, mtu wa miaka themanini na mbili mwenye sauti kubwa kwa sababu hasikii vizuri, alisimama.

"Ndugu Jerko, mwana wa Frane! Meza iko tayari?"

"Bado, Mzee Vicko."

"Iko tayari? Vizuri!"

"Amesema bado!" walipaza sauti watu watatu.

Jerko alieleza. Hakupunguza kitu wala hakujitetea. Alisema amezikopesha pesa, kwa nani, na kwamba hazitarudi kabla ya Ijumaa Kuu. Alipomaliza, upepo ulisikika ukicheza na bati la dirisha.

Wa kwanza kusema alikuwa Tonči Bonačić, mwenye mkahawa wa bandarini. Jina lake ndilo lililofuata kwenye daftari, la mwaka 2023. Hakuwa mtu mbaya. Mwanawe alikuwa anahamia Ireland mwezi wa tisa, na Tonči alitamani sana mwana huyo awe nyuma yake siku atakapobeba.

"Jerko, bwana wewe, mimi nikikosa pesa kwenye sanduku najua kuna panya. Wewe panya umemwendea kwake, ukabisha hodi!"

Wakacheka. Jerko naye alitabasamu, kwa kuwa ilichekesha.

"Hebu tuwaone hao watu," alisema Mate, mchonga mawe, mtu mzito wa maneno.

Jerko alitoa simu. Ilipita mkono kwa mkono. Kwa muda mkutano ulisahau shughuli yake.

"Huyu wa mkate, tanuri lake limejengwa vizuri. Tazama hilo tao."

"Lina ufa."

"Ufa gani? Hicho ni kivuli, wewe kipofu!"

"Huyu wa nguruwe anapata watalii?"

"Kama sisi tulivyopata. Sifuri."

"Na huyu mama amechelewa miezi minne," alisema Tonči, ambaye alikuwa anasoma zaidi ya kutazama picha. "Anaandika kwamba soko lilifungwa."

"Hata mkahawa wako ulifungwa," Mate akamjibu. "Mwaka juzi ulikuwa unauza pizza dirishani, kwa shangazi yako peke yake."

Mzee Vicko aligonga meza. Simu ikarudi kwa mwenyewe.

"Sikieni! Pesa zilikuwa zake. Chama hakina neno na pesa. Chama kinauliza meza."

Hapo Tonči alisimama tena, na safari hii hakutania. "Ndugu Jerko, nina neno la heri. Tubadilishane. Mimi nibebe mwaka huu, pesa ninazo, na bakalari naiagiza kesho. Wewe uchukue mwaka wangu. Kufikia hapo watu wako watakuwa wamekulipa, utaweka meza ya heshima, na hakuna wa kukucheka. Mwanangu atakuwepo kwangu, nawe utakuwa na pesa kwako. Nani anapoteza?"

Watu wengi walitikisa kichwa kukubali. Padri Marin pia alionekana kupendezwa. Ulikuwa mpango mzuri, na Jerko aliupima kwa haki, kama anavyopima mafuta ya mteja. Aliona bakalari ya mwaka kesho ikitoa moshi kwenye sahani mia na hamsini. Kisha akaliona goti lake. Akamwona pia mtoto wa kilo moja na nusu nyuma ya kioo, na mkono wake yeye mwenyewe ukiwa umebandikwa juu ya kile kioo, kwa sababu wauguzi hawakumruhusu kugusa zaidi ya hapo.

"Ahsante, Tonči. Maneno yako ni mazuri. Lakini mimi sikumwahidi Mungu bakalari. Nilimwahidi miguu. Na miguu hii mwaka kesho huenda isiwepo. Mwezi wa sita napasuliwa."

"Hukutuambia," alisema Mate.

"Sasa nimewaambia."

"Basi utawalisha nini watu mia na hamsini?" Tonči aliuliza. "Picha?"

"Mkate. Viazi. Dagaa wa chumvi, ninao mapipa mawili niliyoyatia chumvi mwenyewe. Divai ya kwangu. Mafuta ya kwangu. Vyote ni vya mkono wangu."

"Dagaa!" alisema mtu nyuma, kwa masikitiko ya kweli. "Wale wa kijiji cha Vrh watatusema mpaka siku ya kiama."

Walipiga kura kwa namna yao ya zamani, dengu kwa ndiyo na harage kwa hapana, ndani ya mfuko wa kitambaa. Mzee Vicko alimwaga mfuko juu ya meza na kuzitenganisha kwa kidole. Dengu kumi na nne, maharage kumi na moja. Jerko alibaki na msalaba.

"Lakini!" alisema Mzee Vicko, na wote walijua atakachosema. "Watu wa vijiji vingine wanakuja na tumbo la bakalari. Hatutawadanganya. Mbebaji atatoka mlangoni sasa hivi na kuwaambia yeye mwenyewe kitakacholiwa. Mimi sitamsemea, wala padri hatamsemea."

Hilo ndilo lililokuwa zito. Miaka yote mbebaji alipotoka mlangoni alikuwa na neno moja tu la kutangaza, kwamba meza iko tayari, na watu walipiga makofi.

Jerko alivaa vazi jeupe. Lilimganda mgongoni kwa unyevu. Tonči, aliyekuwa karibu naye, alimnyoshea ukosi bila kumtazama usoni.

"Kweli wewe ni mjinga, ndugu yangu," Tonči alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Utakuja?"

"Dagaa wako wana chumvi sana."

"Utakuja?"

Tonči alimfungulia mlango.

Nje, kijiji kizima kilikuwa kimesimama uwanjani, pamoja na watu waliotoka Vrh na vijiji vingine kusikiliza, wamejikunyata kwa upepo. Perina alikuwa mbele, mkoba ameukumbatia. Kando yake alikuwa Nevenka, aliyekuja na meli ya asubuhi kutoka Split na ambaye hakuna aliyemweleza lolote. Watu walikuwa tayari wameinua mikono kupiga makofi.

Jerko alishuka ngazi moja, kwa mguu mzima, akasubiri upepo upungue. Haukupungua. Akasema kwa sauti ambayo hata Mzee Vicko aliisikia:

"Mimi Jerko, mwana wa Frane, Alhamisi Kuu nitaubeba msalaba bila viatu, vijiji vyote sita, kwa nadhiri niliyoiweka kwa ajili ya binti yangu. Bakalari haitakuwepo. Pesa zake nilizikopesha kwa watu wenye shida, wala sijutii. Mezani kwangu kutakuwa na mkate, viazi, dagaa wa chumvi na divai. Ni chakula kidogo, lakini hakina deni la mtu. Na mbele yenu nyote naahidi: atakayetembea nami hataondoka kwangu na njaa."