Masweta ya Marehemu Shamsudin

Nilikuwa kwenye lebo ya arobaini na moja gari la Bi Mwanakhamisi liliposimama mbele ya chumba changu cha kufumia. Sikuinuka mara moja. Lebo ikishaanza kushonwa huiachi ikining'inia kona moja, kwa hiyo nilimalizia mishono sita iliyobaki, nikakata uzi, nikaliweka sweta juu ya wenzake. Mengine ishirini na matatu yalikuwa bado hayajawekwa kitu kifuani.

Ilikuwa Jumatano, katikati ya Julai. Igowole miezi hiyo nyasi zinaamka nyeupe kwa umande ulioganda, na watu wanapiga mswaki wakiwa wamejifunika blanketi. Ijumaa masweta yale sitini na manne yalitakiwa kukabidhiwa shuleni, kwa watoto ambao kwao hakuna wa kuwanunulia. Na mimi nilikuwa na jambo la kumwambia mwenye sadaka. Nilikuwa nimelibeba wiki mbili bila kujua nilianzie wapi. Nikilisema vibaya, angeweza kuondoka asirudi tena, na mwakani watoto wangeipokea baridi na vishati vyao. Nikinyamaza, wangepewa vitu wanavyoona aibu kuvivaa.

"Kamwene, Apolonia!" alisema akiingia. Ni salamu ya kwetu. Aliipata kwa marehemu mumewe. "Hivi nyie mnaishije huku? Toka Nyololo mpaka hapa vidole vya miguu sivisikii."

"Kamwene, mama. Vaa soksi mbili kama wenzio."

"Nimevaa tatu."

Mpwa wake Iqbal, ambaye ndiye anamwendesha, alicheka mlangoni. "Kavaa tatu, na hita ya gari kaiwasha mpaka mimi natoka jasho."

"Wewe kaangalie matairi."

Bi Mwanakhamisi ana mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, ile aliyoiacha mumewe, Mzee Shamsudin, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Alikaa karibu na jiko la mkaa, akavuta sweta moja, akapitisha dole gumba juu ya lebo taratibu, kama anavyopima punje za mchele. Lebo zilitariziwa Mbeya mjini kwa uzi wa dhahabu: SADAKA YA MAREHEMU SHAMSUDIN.

"Zimependeza," alisema. "Mwaka huu nimewaambia wakuze herufi. Za mwaka jana mtu akipita barabarani asingeweza kusoma."

Maneno hayo yalinizidishia ugumu. Nilimmiminia chai, nikasubiri anywe nusu kikombe. Kisha nikachukua rafuni sweta la msichana mmoja wa darasa la tano, anaitwa Gloria.

"Mama, naomba uliangalie hili. Ni la mwaka jana. Bibi yake kalileta nizibe kiwiko."

Alilipokea. Aliangalia kiwiko, akaangalia kifua, akaligeuza ndani nje, akarudia tena. Nilijua mtu aliyezoea kupima mchele kwa vidole hawezi kukosa kuona.

"Huku nje bado jipya," alisema. "Hata rangi haijapauka. Ndani ndiko kumechakaa, kumejaa vinundu." Akaniangalia. "Huyu mtoto analivaa ndani nje?"

"Ndiyo, mama."

"Ana akili timamu?"

"Huwa wa tatu darasani."

Nikampa la pili, kisha la tatu, yote yaliletwa mwezi huo kwa matengenezo. Na mimi sikutaka kuamua kwa sweta moja, nikamwambia. Nilipoona yote matatu yamechakaa upande uleule, nilikwenda shuleni asubuhi, nikasimama nje ya uzio wakati wa mstari. Waliokuwa wamevaa walikuwa wamegeuza. Waliobaki walikuwa wanatetemeka na mashati.

"Kwa nini?"

Hapo hapakuwa na njia ya kuzunguka. "Wenzao wanawaita marehemu."

"Wanawaita nani?"

"Marehemu. 'Marehemu, lete daftari.' 'Mwalimu, marehemu wawili wamechelewa.' Ni watoto, mama. Hawana ubaya na mzee. Hawa wa sasa hata hawamjui."

Iqbal, ambaye alikuwa hajaenda kuangalia tairi lolote, aliguna, kicheko kikamtoka puani. Shangazi yake aligeuza shingo. Kijana akajifanya anakohoa.

"Lakini mwaka jana, mwezi mmoja baada ya kuyagawa, nilikuja mwenyewe kuwaona," Bi Mwanakhamisi alisema. "Wote walivaa vizuri, lebo kifuani. Picha ninazo."

"Mwalimu Samwel aliwaambia wageuze. Ulipoondoka wakarudisha. Nilimuuliza, hakunificha. Alihofia utawaona hawana shukrani."

"Wewe umejua lini?"

"Wiki mbili."

"Na bado unashona."

"Jina si langu, mama. Nisingeweza kuliacha bila wewe kusema."

Aliyapanga yale masweta matatu magotini, akayanyoosha mikono, akayaweka kwenye stuli. Akasimama. "Iqbal, washa gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Washa."

Walitoka. Nikasikia milango ikifungwa na injini ikiwaka. Sikuwafuata. Nilichukua sweta la Gloria nikaanza kuziba kiwiko, kwa sababu hilo angalau lilikuwa la kufanywa kwa vyovyote. Nilijilaumu kidogo, kisha nikaacha. Nilikuwa nimemwonyesha kilichopo, sikuongeza. Injini iliendelea kunguruma, lakini gari halikuondoka. Nilifuma safu nane, tisa, kumi.

Iqbal akachungulia. "Anauliza mzee alikuwa anakaa wapi akija hapa."

"Mwambie aje nimwonyeshe."

Alikuja amejitanda khanga mbili juu ya baibui. Nilimwonyesha benchi la chini ya dirisha, pembeni ambako upepo haufiki. Alikaa hapohapo.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anakunywa chai. Ananikosoa. Alikuja kila Juni, miaka kumi na moja, akija kununua maharage na kuagiza masweta ya watoto. Alitaka mikono izidi vidole vitatu ili mtoto akikua akunjue. Na kola alikuwa anaijaribu mwenyewe. Anasema kichwa chake ni kidogo, sawa na cha darasa la saba."

"Kweli kilikuwa kidogo," alisema. "Kofia zake nilikuwa nanunua za vijana." Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mimi hakuniambia, Apolonia. Miaka kumi na moja. Nilijua msibani, mlipofika na basi dogo, wewe na walimu na wazazi. Nikajiuliza, hawa ni akina nani wanamlilia mume wangu? Ndipo nikasema basi, kila mtu ajue."

Nikarudisha sufuria ya chai kwenye jiko.

"Yeye aliwahi kuweka jina?"

"Hapana, mama."

Maji ya chai yalipochemka upya, aliuliza, "Na lebo tukiishona ndani? Chini ya pindo, wasiione?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, maana nilitamani iwezekane. "Wengi wanafua wenyewe. Wataiona."

"Ndiyo," alisema. "Wataiona." Akavuta lile fungu la masweta arobaini na moja mpaka miguuni pake. "Nipe wembe."

"Shangazi, utajikata," alisema Iqbal.

"Basi na wewe kaa chini, chukua wako."

Lebo ya kwanza aliitoa kwa nguvu, na wembe ukapita kwenye uzi wa sweta lenyewe.

"Mama, unakata sweta!"

"Umeshona kama unafunga gunia!"

"Si uliniambia zisije zikabanduka?"

Nilimwonyesha: unaingiza ncha chini ya mshono wa lebo, unakata mmoja, unaruka miwili, kisha unavuta uzi kwa upande wa nyuma. Kufikia la tatu alikuwa ameshaelewa. Iqbal hakuelewa kabisa, akapewa kazi ya kuokota nyuzi za dhahabu zilizobaki kwenye sufu. Kila lebo iliyotoka Bi Mwanakhamisi aliinyoosha juu ya goti, akaitia kwenye mkoba wake. Sikumuuliza atazifanyia nini.

Katikati ya kazi alisali alasiri chumba cha nyuma, akarudi, akaendelea. Mwalimu Samwel alipiga simu kuulizia Ijumaa, viti vingapi, na mpiga picha atoke wapi.

"Mwambie sitakuja," alinong'ona. "Awagawie mwenyewe, jioni, mmojammoja. Mpiga picha amwache."

Nilimweleza. Mwalimu akauliza kama mama amekasirika.

"Anauliza, umekasirika?"

Alifikiri, wembe mkononi. "Mwambie kidogo. Itapita."

Halafu akakumbuka. "Na yale ya mwaka jana?"

"Yako majumbani kwao, ukiacha haya matatu. Yote yana lebo."

"Yarudi hapa. Waambie tunaziba viwiko."

"Hata visivyotoboka?"

"Waambie unakagua. Wewe si fundi? Fundi hukagua."

Saa kumi na mbili dirisha likawa la kijivu na macho yangu yakaanza kuona mishono miwili pale penye mmoja. Nilihesabu. Tulikuwa tumetoa lebo kumi na tisa. Masweta mawili kati ya hayo yalihitaji kuzibwa, moja alilikata yeye na moja mimi. Lebo ishirini na mbili zilikuwa bado vifuani, na ya mwaka jana tulikuwa na yale matatu tu. Iqbal alikwenda kuulizia chumba nyumba ya wageni.

Nikayafunika mafungu yote mawili kwa shuka. Bi Mwanakhamisi alinyoosha mgongo, akafunga mkoba, akasimama mlangoni akiangalia ukungu unavyoshuka kwenye mashamba ya chai.

"Kesho usianze bila mimi," alisema. "Na mkaa uongeze."